Mtu wa Malindi Hapewi Mlango

Nianze kwa kukubali kabisa: katika kisa hiki mjinga ni mimi. Usihangaike kumtafuta mwingine. Nimekisimulia mara nyingi hapa Guangzhou, na kila mara najipamba kidogo, natia maneno ya kujitetea, lakini tukifika kwenye vile vipande vya kitambaa watu wanaanguka kicheko hata sijamaliza. Basi leo nakiandika kilivyokuwa, bila poda.

Mie ni mtu wa Malindi. Elimu yangu ni darasa la nane, na hilo la nane nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Huku kazi yangu ni kuonyesha watu njia. Wafanyabiashara wanakuja kutoka Nairobi, Mombasa, Lubumbashi, Bukavu, wanataka vitambaa na hawajui waanzie wapi. Nawapokea, nawapeleka soko la vitambaa la Zhongda, nawasemea kwa Kichina changu cha kuokoteza, wakinunua nami napata riziki. Mzigo anauchukua mkubwa wangu, anaupeleka bandari ya Nansha kupakiwa kontena.

Huyo mkubwa wangu ni mzee wa Mombasa, Mji wa Kale. Amekaa mji huu miaka mingi mpaka anakohoa Kichina. Namwita Mjomba, ingawa si ndugu yangu, na yeye ananiita Malindi, ingawa jina ninalo.

Sasa sikiliza jinsi kazi yetu inavyokwenda, maana ujinga wangu uko hapa. Zhongda ni kubwa hata wenyeji wanapotea. Majengo yameegemeana, ghorofa kwa ghorofa, vichochoro vinaingia ndani ya vichochoro, na kila duka lina kitu kimoja tu: huyu zipu, yule lesi, huyu vifungo, yule satini nyekundu peke yake kama ameapa. Katikati ya mvurugano huo kuna duka moja dogo, nyuma kabisa, ghorofa ya tatu, ambalo wenye kiwanda cha kuchapa vitenge wameliweka wenyewe. Hapo unanunua kutoka kwa mpishi, si kwa muuza chai wa mpishi. Duka kama hilo sisi tunaliita mlango. Kila mwonyesha njia ana mlango wake, na mlango unafichwa. Mteja akiujua, safari ijayo anakuja mwenyewe, na wewe unabaki kumpungia mkono.

Ndiyo maana kuna ufundi wa kuzungusha. Mteja humpeleki moja kwa moja. Unamwingiza jengo hili, unamtoa kwa nyuma, unampandisha ngazi, unamshusha, unampitisha palepale mara mbili kutoka upande mwingine, mpaka kichwa chake kinakuwa uji. Na ile kadi ya sampuli anayopewa, ile yenye kitambaa kilichobandikwa, wewe unatembea na mkasi. Kona yenye nambari ya simu ya duka unaikata. Mjomba ana mkasi wake tangu enzi, umeshakuwa kama jino.

Kwa miezi mingi Mjomba alikataa kunipa mlango. Nilikuwa nabeba sampuli tu. Kila nikiuliza, jibu ni hilohilo:

"Mtu wa Malindi hapewi mlango."

"Kwani tumefanya nini, Mjomba?"

"Mmefanya nini? Wareno walipofika Mombasa, sisi tuliwafungia. Wakapanda juu kwenu. Nyinyi mkawapa mbuzi, mkawapa machungwa, mkawapigia ngoma, halafu mkawapa na mtu wa kuwaonyesha njia ya Bara Hindi! Bure! Dunia nzima imeharibika kwa sababu ya ukarimu wenu."

"Mjomba, ni zamani hiyo."

"Damu haina zamani."

Alikuwa akitania, lakini nusu yake hakuwa akitania. Na mie niliumia, kwa sababu huyo mtu aliyewaonyesha Wareno njia ni babu yangu. Yaani, si babu yangu. Ngoja nieleze. Kule kwetu kuna mnara mweupe wenye msalaba juu, uko kwenye mwamba baharini, waliuacha Wareno. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nauza njugu hapo. Njugu zilikuwa haziendi. Siku moja nikamwambia mtalii kwamba babu wa babu yangu ndiye aliyesimama mbele ya jahazi la yule nahodha Mreno, akamvusha bahari yote kwa kutazama nyota. Mtalii alinunua njugu zote na akanipa kalamu. Tangu siku hiyo babu yangu alikuwa baharia. Kufika darasa la sita nilikuwa naamini mwenyewe.

Mwisho Mjomba akalegea. Alinipa mlango ule wa vitenge, mmoja tu, wa majaribio. Akanishika bega akasema, "Chumba nakulipia mimi, karatasi zako za kukaa nazisimamia mimi. Mlango huu ukipotea, Malindi, unapanda ndege. Sitakugombeza. Nitakununulia tiketi tu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mteja wangu wa kwanza wa mlango alikuwa mama mmoja wa Bukavu. Mnene wa wastani, mpole, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Zamani alifundisha wasichana kushona, kwenye shule ya masista. Sindano na uzi havikumtoka: sindano imechomekwa kwenye kilemba, uzi umezungushwa kidoleni, hata akiwa kwenye treni. Aliniita mon fils, yaani mwanangu, tangu dakika ya kwanza. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu nitamzungusha mpaka amsahau mumewe.

Siku ya kwanza sikumpandisha hata treni moja kwa moja. Tulipanda treni, tukashuka, tukaingia kivuko, tukavuka mto, tukapanda basi. Ilikuwa majira ya mvua za joto, zile ambazo hazinyeshi wala haziachi, zinaning'inia tu. Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Majengo ya ng'ambo yalikuwa yamekatwa vichwa na ukungu, na meli za mizigo zilipita taratibu bila sauti, kama ng'ombe wanaorudi zizini wenyewe. Mama alisimama ukingoni akiangalia maji.

"Mon fils," akasema, "ile soko iko mu China hii, ao tunaenda mu China ingine?"

"Tunafika, Mama. Njia ndiyo hii."

Nikaona lazima nimchangamshe asije akaanza kuhesabu vituo. Nikaanza kumsimulia habari za babu. Nikamwambia hata mto huu Wareno walifika, baada ya Bara Hindi walisogea mpaka hapa, wakaingia mtoni wakipiga mizinga ya salamu, na watu wa hapa wakashtuka na kukasirika. Huo si uongo wangu, niliambiwa na kijana mmoja Mchina anayesoma chuo.

Mama akatikisa kichwa. "Mizinga? Hata kupiga hodi hawakujua?"

"Hawakujua, Mama."

"Batu ba namna gani abo."

Tulifika Zhongda saa saba mchana, saa ya usingizi. Hujaona usingizi mpaka uone Zhongda saa hiyo. Soko lote linalala. Wenye maduka wanafungua vitanda vya kukunja, wengine wanapanda juu ya marobota wakajifunika lesi ya bei mbaya, watoto wamelala ndani ya maboksi ya vifungo. Feni zinazunguka. Vitambaa vinapumua. Unatembea katikati ya kuta za hariri, mwanga unakuja wa kijani, mara wa waridi, kulingana na duka unalopita, na uso wa mtu mbele yako unabadilika rangi kama anakumbuka mambo. Hata vijana wa kusukuma mikokoteni hupita wakinong'ona. Mie saa hiyo huipenda. Hujiona niko chini ya maji na sihitaji pumzi.

Nikamzungusha. Kushoto, kulia, ngazi, nyuma ya choo, ngazi tena. Na huku nasimulia, maana ufundi wangu wa pekee ulikuwa huo: kila tukifika kona namwaga kisa, ili masikio yake yawe kwangu na macho yasitazame njia.

Kwenye kona ya zipu nilimwambia kwa nini Wareno walitoka kwao.

"Pilipili, Mama."

"Pilipili? Kwa ajili ya pilipili muntu anaacha bibi na batoto?"

"Si pilipili yenyewe. Bei. Pilipili inatoka Bara Hindi, Mhindi anamuuzia Mwarabu, Mwarabu anampa wa Misri, wa Misri anampa Mtaliano, kila mkono unaokota chake. Ikifika Ureno, punje ni kama dhahabu. Wareno wakakaa wakasema, kwa nini tusifike kunakotoka wenyewe? Tuwaruke hawa wote wa katikati."

"Ah bon," akasema Mama.

Ah bon tu, kama mtu anayesema kumbe. Wallahi, sikushtuka. Nilikuwa mtu wa katikati, namweleza mteja faida ya kumruka mtu wa katikati, na nilikuwa najisikia mtamu.

Pale kwenye zipu akaniomba jambo dogo. Anataka kipande cha utepe wa zipu, cha ukumbusho, kama kidole. Nikamwamsha mwenye duka, kwa adabu, nikamwita laoban, yaani bosi, maana hapa hata muuza vitunguu ukimwita bosi anatabasamu. Laoban akakata kipande, akarudi kulala. Mama akakitia kwenye uzi wake. Kona ya lesi, akataka cha lesi. Kona ya satini, cha satini. Duka la manyoya ya bandia laoban alikataa, akasema mei you, hakuna, ndilo neno la kwanza mfanyabiashara analojifunza hapa kwa sababu anatupiwa toka uwanja wa ndege. Mie nikambembeleza yule laoban! Nilisimama pale nikamwambia, rafiki, ni mama mzee, ana wajukuu, kipande kidogo tu. Akakata.

"Unawashonea wajukuu, Mama?" nikamuuliza.

"Nashona, mon fils. Nashona tu."

"Utamaliza soko lote kwa kuombaomba. Mama, wewe ni tajiri au ni panya?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimbebea hata mkoba ili mikono yake iwe huru kushona. Ningekuwa na sindano ya pili ningemsaidia.

Kabla hatujapanda ngazi ya mwisho nilikuwa nimefika kwa mfalme wa Malindi, jinsi alivyowapokea Wareno na akawapa baharia. Nikajigonga kifua: babu. Mama akasimama kwenye ngazi, mkono kwenye chuma, akaniangalia kwa upole.

"Na uyu babu yako," akasema, "kisha kubafikisha kule, alirudia namna gani kwabo?"

 Miaka yote niliyouza njugu hakuna mtalii aliyewahi kuniuliza hilo. Kitabu cha shule hakikusema. Alifika, akawaonyesha, na ukurasa unaofuata wanazungumza habari za ngome.

"Alirudi tu, Mama," nikasema. "Si mie niko hapa? Angebaki kule ningekuwa nauza samosa Bombei."

"Bon," akasema. "Tuendelee."

Mlangoni aliangalia vitenge, akavipapasa, akanusa rangi, akachagua kidogo. Nilipokata kona ya kadi kwa mkasi alinitazama akatabasamu kama mama anayemwona mtoto anaficha peremende. Siku ya pili tukaja tena, nikamzungusha njia ileile, kwa sababu, niseme ukweli, njia ya kuzungusha nilikuwa ninayo moja tu. Mjomba anazo saba. Mie nilikuwa mwanafunzi. Mama safari hiyo hakuomba kipande hata kimoja. Nikadhani amechoka na ushonaji. Alikuwa anatembea huku ameshika ule uzi wake mfukoni, kidole kikienda polepole, kama sista anayesali rozari. Nikasema, mcha Mungu huyu.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya kuagiza mzigo wenyewe. Tulipatana aje mwenyewe kwa kivuko na basi, tukutane saa saba kituoni, mbele ya soko. Nilifika mapema sana, kwa furaha. Mvua ikaanza. Nikaingia duka la rafiki yangu anayeuza kitambaa cha kofia za baridi, chini karibu na barabara. Alikuwa tayari amelala. Aliacha robota moja wazi. Robota hilo, ukiegemea, linakumeza. Nikasema nafumba macho kidogo tu.

Nikaota. Jahazi kubwa lilikuwa limeingia sokoni. Lilipita katikati ya maduka, mbavu zake zinasugua satini, hakuna anayeamka. Mabaharia wa Kireno wote wamelala juu ya marobota na ndevu zao zimejaa nyuzi. Mbele kabisa alisimama mtu mmoja amenipa mgongo, amevaa fulana kama zile za wapagazi wa barabara ya Guangyuan Xilu hapa mjini. Nikajua ni babu. Nikamwita. Aligeuka, mkononi ana karatasi ya njugu, njugu zangu, zile nilizokuwa nikikunja mwenyewe. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, kwa upole kabisa, kama anauliza bei: "Njia nishawapa. Sasa mie nashukia wapi?"

Nilitaka kumjibu, mdomo umejaa pamba. Nilipoamka ulikuwa umejaa pamba kweli.

Saa nane na robo. Nikakimbia kituoni. Mama hayupo. Napiga simu, imezimwa. Nikarudi, nikatazama kwenye vibanda vya chai, hayupo. Mvua inanyesha upande. Nikaanza kumwona mama wa watu anavyohangaika peke yake ndani ya yale majengo, anaita mon fils, anajibiwa mei you. Moyo wangu ulikuwa umekunjwa kama sampuli. Kumpoteza mteja ni vibaya kuliko kupoteza mlango. Ningemwambia nini Mjomba? Ningewaambia nini watoto wake Bukavu?

Nikaingia sokoni kumtafuta. Lilikuwa linaamka. Mtu anajinyoosha, mwingine anakunja kitanda, redio inakohoa. Nilipita kwenye zipu, kwenye lesi, kwenye satini, naulizia kwa ishara: mama, mnene, kilemba. Kila mmoja ananionyesha mbele. Yule laoban wa manyoya akaniinulia kidole gumba. Nikaona ajabu, mbona watu wote wamemwona? Mbona wote wananionyesha njia yangu mwenyewe?

Nikapanda ghorofa ya tatu mbiombio.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha laoban wa vitenge. Kiti chenyewe, kile cha magurudumu. Mguu ameweka juu ya robota, mkononi ana kikombe kidogo cha chai, na laoban, mwanamke mwenyewe mkali, anammenyea chungwa.

"Ah! Mon fils!" akasema. "Umelala? Uko na pamba mu nywele."

 Nilikaa chini, kwenye sakafu. 

"Mama... umefikaje?"

Akatoa uzi mfukoni, akaulaza kwenye goti. Vipande vyote vilikuwa pale kwa mpangilio, vingine vimeshonwa uso juu, vingine vimegeuzwa mgongo, na hapa na pale kifungo.

"Uso juu, napinda kuume," akasema. "Mugongo, napinda kushoto. Kifungo ni ngazi. Nikisahau, nakumbuka maneno yako. Hapa, kwa zipu, uliniambia mambo ya pilipili. Voilà. Kwa lesi, batu ba Mombasa banakatala kubafungulia. Hapa kwa manyoya mufalme wa Malindi anabapokea na ngoma, tunapinda kushoto. Na kwa ngazi ya mwisho, babu yako." Akafika mwisho wa uzi, akagusa kile kifungo cha mwisho. "Unasimulia muzuri sana. Kila kona na kisa yake."

Kisa nilichokitia ili asione njia ndicho alichokishika kama kamba ya ngazi. Sikumficha njia. Nilimkaririsha.

"Na kivuko je?" nikauliza, kama mtu aliyeanguka anayeulizia kofia. "Na basi?"

"Ile? Niliuliza musichana wa hôtel soko ya Zhongda iko wapi. Akaniambia, panda treni."

Laoban akanipa nami kipande cha chungwa. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na hilo lilinitia uchungu zaidi.

"Mama," nikasema, "mie nitapanda ndege."

Nikamweleza yote. Kwamba mlango ule si wangu, ni wa majaribio. Kwamba Mjomba alisema hatanigombeza, atanunua tiketi. Kwamba Malindi kule mnara upo na njugu zipo, lakini mie nishakuwa mkubwa, njugu zinataka uso wa mtoto. Nilisema kwa mzaha, ndivyo nilivyo. Mama hakucheka. Alisikiliza huku anaviringisha uzi kwenye kidole.

"Unajua kwa nini nilishona?" akasema. "Siku moja weye utaumwa. Ao utaoa. Mimi nifanye nini? Nibaki mu hôtel naangalia dirisha? Kule ku Bukavu iko bibi kumi na mbili banangojea hii kitambaa, kila mutu na mashini yake. Siwezi kuweka mikate yabo mu mufuko wa kijana mumoja, hata kama anachekesha."

 Alikuwa na haki. Hata Wareno walikuwa na haki, ukikaa ukafikiri. Pilipili ilikuwa ghali.

Hapo simu yangu ikalia. Mjomba. Nikaiangalia inavyotetemeka kwenye sakafu kama samaki. Mama akanyoosha mkono, akaipokea yeye, akaweka sauti kubwa.

"Malindi! Uko wapi? Mteja amefika?"

"Ni mimi, papa," akasema Mama. "Mama wa Bukavu. Niko hapa mu duka, nakunywa chai."

 Nilisikia mkasi wa Mjomba ukifunguka na kufungika huko aliko, ni tabia yake akifikiri.

"Umefika salama, Mama? Kijana amekufikisha?"

Mama akanitazama.  Nilimwona analipima jibu kama kitambaa, analikunjua, analikunja. Laoban aliacha kumenya chungwa, ingawa hakuelewa neno hata moja.

"Amenifikisha," akasema. "Yeye mwenyewe. Bila uyu kijana, papa, singefika hata siku moja. Anaongea mingi, lakini anafikisha."

"Alhamdulillahi," akasema Mjomba. Halafu, baada ya kukohoa: "Basi hata Malindi kuna mtu."

Mzigo uliagizwa siku hiyohiyo. Tuliondoka alasiri. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga unaingia sokoni kutoka ubavuni, vumbi la nyuzi limeelea hewani kama samaki wadogo wa dhahabu. Mama alitangulia. Mie nilikuwa nyuma nimebeba mkoba, na ndiye aliyenionyesha kwamba pale kwenye manyoya, usipopinda kurudi tulikotokea, ukaenda mbele hatua ishirini, unatokea barabarani moja kwa moja. Miezi yote ile sikuwa najua.

Tulikaa stesheni tukingoja treni. Akafungua mkoba, akatoa ule uzi, nikadhani ananipa kwa ukumbusho. Nikanyoosha mkono. Aliuviringisha vizuri, akautia ndani ya kilemba, akachomeka sindano juu yake kama kufuli.

"Mon fils," akasema, "mwezi ijao iko bamama watatu ba Goma banakuja kutafuta vitenge. Nitabaleta kwako. Upitishe bale mu kivuko, mu basi, mu ngazi zote. Njia moja haitoshi, utafute na ingine. Simulia babu yako kama unapenda, lakini usisimulie kwa kona. Na muntu akiomba kipande ya kitambaa, hata kidogo kama kucha," akanitazama mpaka nikanyoosha mgongo, "umwambie mei you."